Tulipanga sherehe kubwa, watoto wakakumbuka giza: mila ya familia inaanzaje?

#1 BabaWatatu

Wakuu, kwema?

Nina watoto watatu: mkubwa ana miaka 12, wa kati 10, mdogo 5. Mimi na mama yao tulikulia kwenye nyumba ambazo siku kubwa zilipita kama Jumanne yoyote, kwa hiyo tulipooana tukaapa kwetu itakuwa tofauti. Miaka mitatu iliyopita nikakaa na kalamu, nikabuni "Siku ya Familia". Ratiba saa kwa saa, mambo saba. Fulana za rangi moja. Kila mtoto asome shukrani zake. Hotuba ya baba (ndiyo, niliandika hotuba). Mwaka wa kwanza tulifika jambo la tano, wote wamenuna. Mwaka wa pili fulana zilikuwa zimebana. Mwaka wa tatu hakuna aliyeuliza, na mimi mwenyewe nilikuja kukumbuka wiki nzima imeshapita.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka jana, siku ya kuzaliwa ya huyu wa kati, umeme ulikatika. Wageni wakaaga, tukabaki sisi watano na mshumaa mmoja. Mdogo akaanza kulia. Mama yao, ili amtulize tu, akaanza kusimulia siku alipozaliwa huyu wa kati: uchungu ulivyomwamsha usiku, mimi nilivyotoka na viatu visivyofanana, nilivyosahau mkoba nikarudi kuuchukua, na nilivyofika mara ya pili nikakuta mtoto ameshafungwa kwenye kanga. Mkubwa naye akadakia na yake, kwamba alipoambiwa ameletewa mdogo alitaka arudishwe. Tulicheka mpaka mshumaa ukabaki kisiki.

Mwezi uliopita siku imefika tena. Wageni, maputo, picha, vyote vimefanyika. Usiku mtoto kaja kasimama mlangoni: "Baba, tunazima taa saa ngapi?"

Nikabaki namtazama. Kumbe siku nzima alikuwa anasubiri hiyo.

Swali langu: mila ya familia inatengenezwa au inajitokeza? Kama inajitokeza, mzazi kazi yake nini? Na nyie mnafanya nini kwenye siku zenu, iwe ya kuzaliwa, ya ndoa, mtoto kamaliza shule, au kumkumbuka marehemu? Vya kunakili kwenye simu msinipe, vile ninavyo vya kutosha.

#2 Kambi_Popote

Naweka kambi hapa. Hotuba ya baba imenimaliza, hahaha.

#3 MzeeWaKaratasi

Kijana, mila haitengenezwi, unaikuta. Unachotengeneza wewe ni mchezo wa nyumbani. Mchezo si mbaya, ila tusiupe jina lisilo lake. Mila ina uzito kwa sababu hujui aliyeianza, na siku ukiichoka huna wa kumlaumu. Hiyo yako ikichosha, watoto watasema "ni ya baba", basi.

#4 MwanafunziWaMilele

Mzee wangu, shikamoo. Naomba nipingane nawe kidogo.

Kila mila ina aliyeianza, tofauti ni kwamba wengine tumewasahau na wengine bado tunawajua. Siku ya Mama inayoadhimishwa Mei huko Marekani ilianzishwa na binti mmoja aliyefiwa na mama yake mwaka 1905, Anna Jarvis. Mei 1908 ikafanyika ibada kanisani Grafton, mji wa mama yake, akapeleka maua meupe mamia, aina aliyoipenda marehemu. Kufika 1914 Rais Wilson akaitangaza nchi nzima. Na hapa ndipo pa kujifunza: Jarvis aliishia kuipiga vita siku aliyoianzisha mwenyewe, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wameiteka. Kadi zilizochapwa hakuzitaka hata kuziona. Alitaka mtu aandike barua kwa mkono wake. Amekufa 1948 bado analalamika.

Nyingine hii, tena kwa lugha yetu wenyewe. Sikukuu ya Kwanzaa haikuwepo kabla ya 1966. Mwanaharakati Maulana Karenga aliibuni Marekani kwa ajili ya Wamarekani Weusi, siku saba kuanzia 26 Desemba mpaka 1 Januari, na kila siku ina neno lake: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Mishumaa saba kwenye kinara. Leo kuna watu wazima waliozaliwa wakaikuta, na watoto wao wameikuta. Kwao hao, Mzee, ni mila au ni mchezo?

Mtafiti Barbara Fiese na wenzake, ambao mwaka 2002 walipitia utafiti wa miaka 50 kuhusu mambo haya, wanatenganisha mazoea na mila hivi: mazoea yanasema "hili ndilo la kufanya", mila inasema "sisi ndio hawa". Jambo lilelile linaweza kuwa la kwanza nyumba hii na la pili nyumba ya jirani. Kula pamoja mezani kunaweza kuwa kujaza matumbo tu, mpaka siku mtu mmoja akikosekana kiti chake kikawa kinaonekana. Mkuu BabaWatatu, fulana zako zilikuwa jambo la kufanya. Giza likawa ninyi.

#5 MzeeWaKaratasi

Marahaba. Hiyo ya 1966 umenishika, nakubali. Lakini Karenga alichukua vitu vilivyokuwepo, sherehe za mavuno ya kwanza na lugha yenye wenyewe, akavipanga upya. Hakuanza na fulana.

#6 BabaWatatu

Mzee, fulana tuziache jamani, zilishakuwa matambara ya kudekia.

#7 SindanoNaUzi

Nimeingia kwenye uzi huu kwa sababu ya jina langu, nimekuta mada yenyewe ni ya kwangu.

Sisi tuna kitambaa cha meza. Kilianza kama kitambaa cheupe cha pamba, cha kawaida kabisa. Kila siku kubwa, aliyekaa mezani anaandika jina lake na mwaka, kwa penseli. Nasisitiza penseli, maana wino huchuruzika kitambaa kikilowa na hauondoki. Wiki inayofuata nakaa natarizi juu ya mwandiko uleule, siunyooshi, siupendezeshi. Kila mwaka una rangi yake. Kitambaa sasa kina miaka 14. Binti yangu ameanza hapo na mkwaruzo mmoja uliopinda, herufi zikafuata, zikaja herufi zilizogeuzwa, na mwaka jana ameweka sahihi ya mtu mzima.

Mambo mawili yalitokea ambayo sikuyapanga. La kwanza ni doa. Mgeni alimwaga kinywaji chekundu katikati kabisa, nikakaribia kulia. Niliosha mara tatu, likagoma. Mwanangu wa kiume akachukua penseli akalizungushia mstari, akaandika mwaka. Ikabidi nilitarizi doa kama mtu! Sasa hivi ndilo linaloonyeshwa wageni kwanza.

La pili gumu zaidi. Kuna jina la aliyekuwa mke wa kaka yangu. Waliachana vibaya. Kaka akaniomba nifumue. Nilishika mkasi kabisa, nikauweka chini. Nikamwambia kaka, mwaka ule alikaa hapa, akacheka na sisi, akasaidia kuosha vyombo, na kitambaa kinasema hivyo tu, hakisemi zaidi. Alininunia miezi miwili. Jina lipo.

Kwa hiyo BabaWatatu, ukiuliza kazi ya mzazi nini, kwangu ni kushika sindano. Kuandika wanaandika wao.

#8 KitindaMimba

Shikamooni wakubwa. Nina miaka 19, naongea kwa niaba ya watoto mnaotufanyia hizi mila.

Mama yangu ana picha ya ngazi. Kila mwaka tunapangwa kwenye ngazi zilezile, kila mtu daraja lake. Wazo zuri, sibishi, na ukizitazama zote kwa mfululizo unaona kaka anaota ndevu. Tatizo halikuwa picha, tatizo lilikuwa marudio. "Rudia, umefumba macho. Rudia, tabasamu. Rudia, mbona umekaa kama umefiwa?" Dakika arobaini. Kumbukumbu yangu ya siku zangu nyingi za kuzaliwa ni shingo kuuma.

Mwaka nilipofika miaka 15 niligoma. Vita ikawa kubwa, mama alilia. Baadaye tukaelewana: picha moja tu, itokavyo itoke. Sasa kuna mwaka wote tumefumba macho, kuna mwaka mbwa kapita mbele kafunika nusu ya dada. Na mama mwenyewe ndizo alizozitundika sebuleni, zile nzuri ziko kwenye albamu kabatini.

Ombi langu: mila muiwekee mlango wa kutokea. Mtoto akijua anaweza kusema "mwaka huu sitaki", mara nyingi atataka.

#9 Kambi_Popote

"Mbona umekaa kama umefiwa." Huyu mama tumelelewa naye sote.

#10 Alfajiri_Yangu

Jambo hili sijawahi kuliandika mahali popote.

Baba yangu alikuwa mlevi. Kwetu siku ya sherehe ilikuwa siku ya hofu, maana siku za sherehe ndizo alizokunywa zaidi. Meza imeshawahi kupinduliwa. Marafiki niliacha kuwaalika nikiwa na miaka 7.

Mama hakuweza kumzuia, ila alikuwa na jambo lake moja. Siku ya kuzaliwa ya yeyote kati yetu, alfajiri, anakuja kukugusa bega, wewe peke yako, wengine wamelala. Mnatoka nje taratibu, mnakaa. Anakuuliza: "Mwaka huu umeweza nini ambacho mwaka jana hukuweza?" Kisha ananyamaza. Mama yangu alikuwa msemaji, lakini nusu saa ile alinyamaza kweli. Mwaka mmoja nilijibu kufunga kamba za viatu. Mwaka mwingine nikajibu kutolia. Hakunisifu kwa hilo la kutolia, alinitazama tu, akanivuta kifuani, na mwaka ule nililia.

Mkiingia ndani, siku inaweza kuharibika itakavyo, yako umeshaipata. Baba aliweza kuvunja meza lakini alfajiri hakuiweza, kwa sababu alikuwa amelala. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba mama hakuchagua saa ile kwa bahati.

Sasa nina miaka 41 na nawaamsha wangu. Mmoja kati yao anachukia kuamka mapema kuliko kitu chochote duniani. Kwake nafanya usiku, nakaa ukingoni mwa kitanda. Mwanzoni niliona naharibu alichoniachia mama. Mume wangu akaniuliza, "Hivi ulichoachiwa ni saa au ni swali?"

#11 MwanafunziWaMilele

Dada Alfajiri, nimesoma mara mbili. Asante.

Naongeza moja tu, nikiogopa kuharibu ulichoandika. Mwaka 1979 Steven Wolin na Linda Bennett pamoja na mwenzao walichapisha utafiti kuhusu familia zenye mzazi mlevi. Walitazama sikukuu, milo ya pamoja, wageni, na namna ulevi ulivyoviingilia. Familia ambazo ulevi ulivuruga mila zao ndizo ambako tatizo lilielekea zaidi kurudi kwa watoto. Zile zilizolinda mila zao hata kipindi kibaya, kulikuwa na kinga fulani. Familia zilizochunguzwa zilikuwa chache, kwa hiyo usijenge nyumba juu yake. Lakini mama yako alilijua hilo bila kusoma jarida lolote.

#12 Alfajiri_Yangu

Sisi tuko wanne. Hakuna anayekunywa. Sijui kama ni hilo.

#13 NyumbaMbili

Mimi na mzazi mwenzangu tuliachana, mtoto ana miaka 8. Kosa letu lilikuwa kushindana. Sherehe kwangu Jumamosi, kwa baba yake Jumapili, kila mmoja anataka yake iwe kubwa. Mtoto akatuambia mwaka huu hataki kutimiza miaka.

Tulichofanya: mila inasafiri na yeye. Ana kengele ndogo ya shaba, inaenea kwenye begi la shule. Popote alipo, siku yake inaanza akiipiga. Sisi wazazi hatuna siku, yeye ndiye ana kengele. Mwaka huu aliipiga saa kumi na moja asubuhi kwa baba yake na sikuhuzunika hata kidogo.

#14 MkweMtata

Upande wa mume wangu sherehe bila kelele si sherehe. Kwetu mtu anapewa zawadi chumbani kwake kimyakimya na mlango unafungwa. Miaka minne tuligombana nani ana mila sahihi. Mwishowe kila mmoja alichagua moja tu ya kwao ambayo hawezi kuiacha, zilizobaki tukazisamehe. Moja tu. Utashangaa vitu vingapi ulikuwa unavitetea kwa ubishi tu.

#15 Kaka_wa_Mbali

Sisi ndugu tumetawanyika, kila mmoja na kanda yake ya saa. Tulijaribu kupigiana simu ya video siku ya ndoa ya wazazi. Mmoja yuko kazini, mwingine anasinzia, wa tatu sauti haifiki, na watu wanaulizana "unanisikia?" mpaka muda unaisha. Tukabadilisha: kila mtu anarekodi sauti ya dakika moja, kwa wakati wake, anamtumia dada mkubwa. Yeye anaziunganisha, zinachezwa wazazi wakiwa mezani. Masharti mawili, usisome ulichoandika, na usirudie kurekodi. (KitindaMimba, unaona.) Baba naye akawa anajibu kwa dakika moja. Haikuwahi kumtosha, dakika ya tatu bado anasalimia.

Baba alifariki. Mwaka wa kwanza baada yake, siku ile ilipokaribia, hakuna aliyethubutu kumuuliza dada kama tunarekodi. Tulijadiliana wenyewe pembeni kama wezi. Mama ndiye aliyeandika kwenye kundi: "Mbona sijaona sauti zenu?" Tukatuma. Na dada, bila kumwambia mtu, mwishoni akaweka majibu ya baba ya mwaka mmoja wa nyuma. Anasalimia wajukuu mmoja mmoja kwa majina, anamruka mmoja, anakumbuka, anarudi.

Niliwahi kusoma kazi ya watafiti Michael Norton na Francesca Gino kuhusu watu waliofiwa. Waliwauliza wanafanya nini kukumbuka, na nyingi ya mila walizotaja zilikuwa za faraghani, vitu vidogo ambavyo mtu baki asingejua kama ni mila. Mimi ya kwangu ni hiyo sehemu anayomruka mjukuu. Naisikiliza garini.

La kiufundi, tafadhali msilipuuze: sauti za miaka miwili ya mwanzo tulizipoteza dada alipobadilisha simu. Wekeni nakala sehemu mbili tofauti, na moja isiwe kwenye simu. Leo, si kesho.

#16 SindanoNaUzi

Kaka wa Mbali, pole sana. Nimeenda kunakili za mama yangu sasa hivi, nimerudi.

#17 BabaWatatu

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Wiki hii ilikuwa zamu ya mkubwa, katimiza 13. Mimi nimeshajiandaa, mshumaa tayari, nimezunguka nyumba naonyesha furaha. Akaniambia, "Baba, giza ni la mdogo wangu. Si langu mimi."

Nilitaka kuanza kueleza faida za giza. Nikakumbuka hotuba, nikanyamaza. Nikamuuliza lake lipi. Akasema anataka tutembee, mimi na yeye na mama yake, na nimsimulie ya kwake, lakini sehemu ambazo mdogo hajui. Tulitembea karibu saa nzima. Nilimwambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia, kwamba siku alipozaliwa niliogopa kumshika, nikasingizia mikono michafu. Ameniuliza maswali mengi kuhusu hofu ile kuliko kuhusu kuzaliwa kwenyewe.

Tuliporudi, wa kati alikuwa amekaa gizani na mdogo, wanatusubiri. Wamezima taa wenyewe. Kwa hiyo sasa sijui tuna mila moja au mbili. Siku ya Familia nimeifuta rasmi kwenye kalenda, mke wangu kapiga vigelegele.

#18 MzeeWaKaratasi

BabaWatatu, nilikubishia, sasa nije niseme na langu.

Nina watoto wanne, wote watu wazima. Baada ya kusoma huu uzi nikajiuliza kama nimewahi kumsimulia hata mmoja siku aliyozaliwa. Sijawahi. Juzi wa kwanza ametimiza 44, nikampigia. Nimeanza vizuri, nimefika katikati nikagundua nasimulia vitu nilivyoambiwa. Mimi siku ile nilikuwa safarini kikazi. Ikabidi nimwite mama yake aje kwenye simu. Yeye anasema mtoto alizaliwa alfajiri, mimi nina hakika taarifa ilinifikia kabla ya hapo. Tumebishana kama nusu saa, simu iko kwenye spika, mtu mzima wa miaka 44 anacheka upande wa pili mpaka anakohoa.

Wa pili siku yake ni mwezi ujao. Ameshanitumia ujumbe kuuliza kama mama yake atakuwepo kwenye simu, na tutagombana saa ngapi.

#19 Kambi_Popote

Kambi haivunjwi hapa. Mzee, mwezi ujao tupe mrejesho.